"Juu" Isiyo Juu: Vitenzi Fungamano vya Kiingereza katika Tafsiri na Darasani

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua wafasiri na walimu wetu, hakuna linalodharauliwa kama vile vitenzi vifupi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kijineno: "put off", "make up", "run out", "write off". Istilahi za sheria, benki na uhandisi hufanyiwa vikao na orodha zake huchapishwa. Vitenzi hivi huachiwa mwalimu wa Kidato cha Kwanza na karani wa masjala, kana kwamba kila aliyepita shule anavijua. Rai yetu ni kwamba dharau hii ina gharama, na kwamba njia iliyozoeleka ya kuvifundisha na kuvifasiri haifai. Mifano yetu tutaichukua Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kwani huko kuna kahawa, kuna vyombo vya majini, kuna hospitali za misheni kama ile ya Liuli na ile ya Litembo, na mambo yote hayo hufuatana na karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza.

Kwanza jina lenyewe. Wako wanaoviita "vitenzi virai". Hatukubaliani nao, kwa kuwa wanasarufi wetu wanalo tayari jina "kirai kitenzi" kwa jambo jingine kabisa, na kugeuza mpangilio wa maneno mawili hakutoshi kumwokoa mwanafunzi. Katika makala haya tutaviita "vitenzi fungamano", maana kitenzi na kijineno chake vimefungamana hata haviwezi kufasiriwa kimoja kimoja. Waingereza wenyewe hawakuwa na jina lililoenea hadi mwaka 1925, Logan Pearsall Smith alipochapisha lile alilosema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Hata hivyo ugumu wake ulijulikana zamani. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alitaja kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatatiza wageni kuliko vingine.

Kamusi zetu mbili zinazotegemewa zaidi, ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na ile ya TUKI ya mwaka 1996, huviweka vitenzi hivi chini ya kitenzi mama, na aghalabu huvipa visawe vilivyofuatana kwa mikato. Kwa msomaji ambaye tayari anajua maana anayoitafuta, hilo latosha. Kwa asiyejua, ni sawa na kupewa shada la funguo usiku bila taa. Darasani hali ni mbaya zaidi. Mwalimu huandika ubaoni kwamba "put off" ni "postpone", na "put up with" ni "tolerate", wanafunzi hunakili, na sasa mtoto aliyekuwa na neno moja asilolijua ana mawili. Akiulizwa kwa Kiswahili, hurudi kwenye vipande: "weka mbali", "weka juu na". Kosa si lake.

Tutazame athari yake nje ya darasa. Mkulima wa kahawa wa Umatengo hupulizia mrututu ili kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Tuseme maelekezo yanamtaka akoroge unga kwanza katika lita 5 za maji, kisha "make up to 20 litres". Maana yake ni kwamba mchanganyiko wote, pamoja na zile lita 5, ufikie lita 20. Mfasiri mwenye haraka ataandika "ongeza maji hadi lita 20". Sentensi hii ina njia mbili, na mtu wa kawaida atashika ile iliyo karibu: atamimina lita 20 juu ya zile 5. Atapata lita 25, na dawa yake itakuwa imepungua nguvu kwa sehemu moja ya tano. Atapulizia shamba zima, ugonjwa utabaki, naye atasema dawa ni mbovu. Ilitosha kuandika "jazia maji mpaka mchanganyiko wote ufikie lita 20". Neno "jazia" lipo, ni la kila siku, na linatofautiana na "jaza" kwa herufi moja tu.

Mfano wa pili ni wa fedha, nao kwa maoni yetu ni mzito kuliko huo. Wahasibu wana kitenzi "write off". Deni lisilotazamiwa kulipwa huondolewa katika hesabu ili vitabu vionyeshe hali halisi ya mali. Tendo hilo ni la mwenye kudai na vitabu vyake, na peke yake halimwondolei mdaiwa wajibu wa kulipa. Kwa Kiswahili husemwa "deni limefutwa". Basi mwanachama wa ushirika akisikia deni limefutwa ataelewa nini? Ataelewa amesamehewa, na ataelewa vizuri kabisa, kwani ndivyo Kiswahili kisemavyo. Wakulima wa Mbinga, ambao waliona chama chao kikuu cha ushirika, MBICU, kikianguka katika miaka ya 1990, hawahitaji kuelezwa uzito wa neno deni. Tunapendekeza wafasiri wa taarifa za hesabu watumie "kuondoa deni vitabuni", na "kufuta deni" au "kusamehe deni" kubaki kwa mdaiwa aliyeachiliwa kweli. Anayeona maneno hayo ni marefu na akumbuke kwamba ufupi wa "limefutwa" unaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Ziwani tunakutana na "put off". Abiria walioshushwa Lituhi walikuwa "put off". Safari iliyoahirishwa kwa sababu ya upepo wa kusini, ule ambao Wanyanja huuita mwera, nayo ilikuwa "put off". Na abiria waliovunjika moyo kwa kuona mawimbi hata wakarudi nyumbani, nao vilevile. Kiswahili kina vitenzi vitatu visivyofanana hata kidogo: kushusha, kuahirisha, kuvunja moyo. Kinachoamua ni yambwa na mazingira. Kwa hiyo kamusi isiyomwonyesha msomaji ni nani anafanyiwa nini haijamfasiria kitu.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni ushahidi wa umaskini wa Kiswahili, kwamba hatuna vijineno kama vya Kiingereza. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, na ni dhaifu. Kazi ambayo Mwingereza huifanya kwa kijineno kilichosimama peke yake, sisi tunaifanya ndani ya kitenzi. Mtazame Mmatengo anapotengeneza ngoro, yale mashimo ya kilimo cha mteremkoni ambayo nyanda zake zinasifika kwayo. Majani hufyekwa, hupangwa kwa safu zinazokatana, kisha udongo huchimbuliwa katikati na kufunika majani hayo, likabaki shimo na matuta pande zote. Anayeyaeleza haya kwa Kiingereza atahitaji "cut down", "lay out", "dig out" na "cover up". Sisi tuna fyeka, panga, fukua na fukia. Fukua na fukia! Irabu moja inabeba mzigo wa "out" na "up". Ndivyo ilivyo kwa funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Mtoto wa mwambao anayezungumza Kinyanja nyumbani analo jambo hilohilo katika "mata", yaani bandika, na "matula", yaani bandua. Hajawahi kuambiwa kwamba "off" ya Kiingereza mara nyingi ni hiyo "-ula" ya mama yake.

"Run out of" huwatoa watu jasho, na kumbe tunayo "ishiwa". Tumeishiwa mafuta, zahanati imeishiwa dawa. Hapa tena uangalifu wahitajika, kwa sababu "dawa imekwisha" huweza kuwa haipo kabatini au muda wake wa kutumika umepita, na muuguzi anayesoma ripoti lazima ajue ni lipi kati ya hayo.

Tena si kweli kwamba hatuna kabisa vijineno. Mahakama hutupilia mbali shauri. Bunge hufutilia mbali sheria. Mtu aliyekasirika husema potelea mbali. "Mbali" hiyo haina umbali wowote. Inaeleza ukamilifu, kwamba jambo limetendeka likaisha. Ni kazi ileile ya "up" katika "eat up" na "use up", ambayo nayo haina ujuu wowote. Mwalimu akianza na "futilia mbali", ambayo darasa zima linaijua, nusu ya somo imekwisha kabla hajaandika neno la Kiingereza.

Hatudai kwamba njia hii inafungua kila mlango. "Give up" ni kukata tamaa, na hakuna kiambishi kitakachotufikisha huko. Hapo ni nahau kwa nahau, na mwanafunzi hana budi kuikariri. Lakini tofauti ya viambishi na nahau ndiyo inayopaswa kuonyeshwa. Orodha ya vitenzi mia inayochanganya vyote pamoja huficha kwamba sehemu kubwa ilikuwa rahisi.

Kuna uharibifu mwingine unaotoka upande wa pili, pale Kiswahili cha maofisini kinapovaa nguo za Kiingereza. "Halmashauri imekuja na mpango wa kuhifadhi vyanzo vya maji." Imekuja nao kutoka wapi? Kwa Kiswahili, ajaye na kitu amekibeba, na huenda ni cha mwenzake. Sema imebuni, au imependekeza, au imepokea mpango, na wananchi watajua wamuulize nani ukishindikana. "Tunakwenda kujenga gati Mbamba Bay" ni ahadi ya wakati ujao iliyofasiriwa kutoka "going to". Mtu wa Mbinga mjini, ambaye kwake Mbamba Bay ni mahali pa kwendwa kweli kwa gari, ana haki ya kuuliza mnaondoka lini. "Mkutano ulichukua nafasi Liuli" ni mbaya zaidi, ingawa chanzo chake, "take place", si kitenzi fungamano hasa bali ni ndugu yake. Kuchukua nafasi kwetu ni kumrithi mtu kazini.

Kwa kamusi zijazo yafaa kila kitenzi fungamano kiandikwe pamoja na mtenda na mtendwa wake katika sentensi fupi, na panapo jozi ya Kiswahili kama fukua na fukia itajwe papo hapo. Kurasa zitaongezeka. Na ziongezeke.

Limebaki suala moja la istilahi. "Run-off", nomino iliyozaliwa na kitenzi hicho, hutumiwa na watu wa aina mbili wanaoweza kuwa katika ofisi moja ya kilimo. Wa hifadhi ya udongo huita hivyo maji ya mvua yanayoteremka mlimani bila kuzama ardhini, ambayo ngoro hutengenezwa ili kuyazuia. Wa kinga ya mimea huita hivyo kipimo cha kupulizia, pale dawa inapoanza kudondoka kutoka kwenye majani. Kisawe kimoja hakifai hapa. Kwa maana ya kwanza tunapendekeza "maji mtiririko"; kwa ya pili haihitajiki nomino yoyote, bali maelekezo yaandikwe "pulizia mpaka majani yaanze kudondosha".