Upande A, Upande B

Nyimbo nyepesi hazina watetezi wengi. Mwimbaji wa taarabu husifiwa kwa mafumbo yake, mpiga gita wa benga kwa vidole vyake. Wimbo wa dakika tatu, wenye kiitikio ambacho mtoto amekwisha kukishika kabla haujafika mwisho, huhesabiwa kuwa peremende tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani waliupa muziki wa namna hiyo jina la chingamu, na "Sugar, Sugar" wa The Archies, uliotoka mwaka 1969, ukawa ndio kielelezo chake. Afrika Kusini ilipata chingamu yake katika miaka ya 1980, kwa sauti za Brenda Fassie na Yvonne Chaka Chaka. Pwani ya Kenya nayo haikubaki nyuma. Huku nyimbo hizo zilitoka hotelini.

Maarufu kuliko zote ni "Jambo Bwana". Kundi la Them Mushrooms, la ndugu wa ukoo wa Harrison, lilianza mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success, likageuza jina mwaka 1972. Walikuwa wakiwapigia watalii katika hoteli ya Severin Sea Lodge, Bamburi, na Teddy Kalanda akatunga wimbo kwa maneno ambayo mgeni hufundishwa siku anayofika: salamu, makaribisho, kuambiwa asiwe na wasiwasi. Ulitoka kwenye santuri mwaka 1982, ukauza nakala zipatazo 200,000 kwa miaka mitano. Mwaka 1983 Boney M., kundi la Ujerumani lililokuwa limekwisha kuimba "Malaika", likautoa kwa namna yake. Wimbo ukarudi Pwani ndani ya kanda za Wazungu, umevaa nguo nyingine.

Ni rahisi kuudharau wimbo kama huo. Ni kazi kuutunga.

Lakini sifa za leo ni za mtu mwingine, ambaye jina lake halikuandikwa popote: yule aliyezipanga nyimbo hizi katika kanda. Wapangaji wa kwanza walikuwa wanamuziki wenyewe. Bendi ya hoteli haikuwa na uhuru wa kupiga inachopenda usiku kucha. Ilimlazimu kiongozi atazame meza: nani wamefika leo, nani wanaondoka kesho, wazee wangapi, wapenzi wangapi. Malindi ilikuwa na mtihani wake wa pekee. Waitaliano walianza kuzoeleka huko tangu mradi wa San Marco, uliorusha roketi kutoka majukwaa ya baharini karibu na Ngomeni, ambako setilaiti ilipaa mwaka 1967. Utalii ulipokua, bendi ya Malindi ilihitaji nyimbo za huko kwao pia, za aina ya "Sarà perché ti amo" wa Ricchi e Poveri, uliotoka mwaka 1981, halafu ijue namna ya kurudi kwenye chakacha bila watu kukimbilia vitini. Kuitoa hadhira ya Kitaliano kwenye wimbo wa kwao na kuitia kwenye kiuno cha chakacha, kwa ngoma chache tu, ni kazi ya mtu mwenye sikio.

Kutoka jukwaani ufundi ukaingia katika kibanda cha kurekodi. Kibanda hakikuwa na mengi: deki mbili, mashine ya santuri, spika iliyoelekezwa barabarani na daftari la majina ya nyimbo. Mteja alileta kanda tupu na orodha yake, au alisema tu, nitilie za harusi, mengine akamwachia fundi. Hapo kazi ilianza. Kanda ya dakika 60 ina utepe wa mita 86 hivi, na dakika 30 kila upande, wala haiongezeki. Nyimbo nyingi ambazo Wakenya huziita zilizopendwa zilikatwa mara mbili kwenye santuri ndogo: sehemu ya kwanza upande huu, kisha santuri igeuzwe ndipo magita yafunguke. Fundi aliyeijua kazi alisimamisha deki, akageuza santuri, akaachia kitufe kwenye pigo lilelile, hata mchezaji asijue palipounganishwa. Aliyekosea nusu ya pigo aliwakwaza watu ukumbini kila kanda ilipopigwa, mwaka baada ya mwaka.

Kisha kuna hesabu ya mwisho wa upande. Zimebaki dakika mbili na nusu. Ukitia wimbo mrefu utakatika katikati ya ubeti, na hiyo ni aibu ya fundi. Ukiacha kimya, mteja atadai ameibiwa. Wimbo mwepesi ndio uliookoa hapo. Ulikuwa mfupi, ulianza bila kuzunguka, ulikwisha ukiwa bado unatakiwa. Waliouita upuuzi hawakuwahi kujaza upande B.

Yapo na mambo madogo yaliyotenganisha fundi na mbabaishaji. Santuri moja ina sauti kubwa, nyingine ndogo. Mkono ukae kwenye kitufe cha sauti ili msikilizaji asiruke kitini. Hewa ya chumvi na vumbi huchafua kichwa cha deki, kwa hiyo pamba na spiriti zisikauke mezani. Na redio ikila kanda, utepe ulirudishwa kwa kalamu ya Bic, taratibu, usijikunje.

Barabara ya Mombasa hadi Malindi, kilomita 120 hivi, ilikuwa kipimo kizuri cha kazi hiyo. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivuka kwa feri kati ya Mnarani na mjini, na foleni ilikuwa na saa zake. Upande mmoja wa kanda ya dakika 90 ungeweza kwisha kabla ya kufika majini. Ndani ya gari lililosimama juani, wimbo wa kwanza wa upande wa pili ulikuwa na kazi nzito: uchangamshe, usikere. Mpangaji aliyeijua njia hii hakuuweka hapo kwa bahati.

Ndiyo maana kumbukumbu za kanda hizi zina tabia ya ajabu. "Malaika" ukifika mwisho redioni, mtu wa rika la kanda huanza kuimba wimbo mwingine kabisa, ule uliofuata katika kanda ya kwao, huku mtangazaji akiingia na matangazo ya sabuni. Kinachomliza hasa ni ule mfuatano, maana wimbo wenyewe anaweza kuupata kwenye simu wakati wowote. Mtu fulani, asiyemjua, alikwisha kumwamulia nini kije baada ya huzuni, naye alimwamini bila kujua.

Wakusanyaji wa nje wameifanya kazi yao kwa heshima. Nyimbo za Fundi Konde, mwana wa Pwani, za mwaka 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa mwaka 1994 zikiwa na maelezo yake. Kanda za vibandani hazina maelezo ila mwandiko wa kalamu kwenye jalada, na utepe wake unaota ukungu kabatini. Nyumba ya Nguzo pale Malindi ni jumba la makumbusho. Ingekuwa mahali pa haki kuzipokea. Zinakiliwe upande mzima kwa mkupuo mmoja, pamoja na mishono yake, wala zisikatwe wimbo mmoja mmoja, na jalada lipigwe picha mwandiko ukiwa bado unasomeka.