Tuta Lenye Majani Ndani

Ukitoka Songea kwenda Mbinga, mkoani Ruvuma, unaanza kuziona ngoro, mashimo na matuta ya Wamatengo, pale milima inapoanza kusimama wima. Mteremko mzima umejaa vishimo vilivyojipanga kwa safu, kama ubao wa bao uliosimamishwa ubavuni mwa mlima. Wageni huyapiga picha mashimo. Kwangu mimi wanasifia pasipo penyewe, kwani shimo ni mahali tu udongo ulipotolewa. Fundi amejenga tuta, na ndani ya tuta amezika majani.

Udongo wenyewe ndio unaodai ufundi huu. Milima ya Umatengo ina udongo mwekundu wa mfinyanzi, na wekundu huo unatokana na chuma. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, na kwa mwaka hupita milimita 1,000. Kwa karne nyingi mvua hiyo imeusuuza udongo na kuuacha mchachu. Hata fosforasi kidogo iliyomo hushikwa na chuma na aluminiamu, mizizi ikaambulia patupu. Rutuba iliyopo imekaa juu juu, kwenye tabaka lile lile ambalo maji huanza kulichukua. Na hapa tunazungumzia miteremko ambayo kiazi kikikuponyoka mkononi, utakifuata bondeni. Ukilima sesa, yaani bila matuta, mahali pa namna hiyo, shamba litakuhama.

Februari au Machi, mvua ikiwa inaelekea ukingoni, wanaume hufyeka majani ya shamba lililopumzishwa na kuyaacha yakauke. Kisha huyalaza chini kwa mistari inayokatana, mingine ikishuka na mteremko, mingine ikiukingama, mpaka shamba lote linakuwa miraba. Upande wa mraba huwa kama mita moja na nusu hadi mbili. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Jembe bado halijaigusa ardhi, lakini ramani ya shamba imeshachorwa kwa nyasi kavu, na mstari uliolegea hapo utakuwa tuta dhaifu mvua itakapokuja.

Baada ya hapo wanawake huingia na majembe. Mchimbaji husimama ndani ya mraba, huchimba katikati na kuutupa udongo juu ya majani pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo na kufunikwa kwa udongo mwembamba. Mraba ukikamilika, kati pamebaki shimo.

Kwa nini maharage yatangulie? Majani yaliyozikwa yanapoanza kuoza, vijidudu vinavyoyaozesha huikomba naitrojeni iliyomo udongoni. Mahindi yangepandwa wakati huo yangekonda na kugeuka njano. Maharage yana vinundu kwenye mizizi ambavyo bakteria wake huivuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hayagombanii chakula na vijidudu. Huota kwa unyevu uliobaki na kuvunwa mwezi Juni au Julai. Mvua mpya zinaporudi, majani yameshageuka mboji, na hapo ndipo mahindi hupandwa juu ya tuta lile lile. Wenyeji waliupanga mzunguko huo kabla ya bwana shamba yeyote kuwafikia.

Mvua kubwa ikipiga, kila shimo hukinga sehemu yake ya maji na kuinywesha ardhi taratibu, yasipate nafasi ya kukusanyika na kukimbia. Udongo unaomomonyoka kutoka tutani huishia shimoni. Magugu yanayopaliliwa nayo hutupwa humo humo. Baada ya miaka kama miwili ngoro huchimbwa upya, na tope hilo lililonona hurudi juu kuwa tuta.

Masimulizi mengi yanaufungamanisha ufundi huu na ujio wa Wangoni katikati ya karne ya 19, Wamatengo waliposongwa milimani na kulazimika kula kutokana na ardhi finyu iliyosimama. Mwaka 1938 ofisa wa kikoloni, A. H. Pike, aliandika kuuhusu katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1955 Waluguru waliugomea mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwachimbisha matuta ya ngazi kwenye milima yao. Umatengoni watu walikuwa tayari wakichimba ngoro zao wenyewe.

Kahawa ya arabika iliingia miaka ya 1920, ikawa ndiyo fedha ya Mbinga. Chakula kiliendelea kutoka kwenye ngoro. Ila sifa za ngoro mara nyingi huandikwa na watu wasiolishika jembe, nao hupita haraka kwenye suala la nani anachimba. Kufyeka na kulaza majani ni kazi ngumu ya siku chache. Kuugeuza mteremko mzima, mraba mmoja baada ya mwingine, mgongo umeinama, ni kazi ya mwanamke, na palizi ikifika humkuta bado yupo. Familia zilizohamia mashariki kwenye misitu ya miombo, ardhi ya milimani ilipozidi kubana, zinakuta sehemu zilizolala zaidi ambako tuta refu la kawaida linatosha. Mama anayeamua kuacha kuchimba mashimo huko hajausahau ufundi wa bibi yake. Ameutazama mteremko akaona hauhitaji.