Digrii ya Kuposti

Tangazo la kazi ni maandishi kama maandishi mengine, kwa hivyo acha tulihakiki. Nimesoma mengi ya kutafuta msimamizi wa mitandao ya kijamii, na ukisoma moja umeyasoma yote: digrii ya mawasiliano au masoko, uzoefu wa miaka mitatu, laptopu yako mwenyewe, ujue kupiga picha, kuhariri video na kuandika Kiingereza safi. Mwishoni wanakurushia hili: uwe na wafuasi wengi. Mshahara hautajwi.

Sasa huyu mwandishi anamtafuta nani hasa? Digrii inaonyesha ulimaliza kampasi. Wafuasi wanaonyesha kuna watu wanakupenda wewe. Hakuna hata kimoja kinachoonyesha kama unaweza kuongea kwa niaba ya sacco, kliniki au duka la viatu na watu wakakuskiza.

Chukua video za Elsa Majimbo za 2020, zile za wakati wa korona. Msichana, simu, miwani midogo ya jua, pakiti ya krispi. Wengi walisema, "Ah, hata mimi naweza." Jaribu basi. Angalia vizuri mahali anapotafuna. Anatupa sentensi, anatafuna, anacheka kabla hujacheka, halafu anatupa nyingine kali zaidi. Krispi ndiyo nukta yake. Ukiondoa ule mlio, mzaha unakufa. Mwaka huo huo alipata tuzo ya People's Choice, na naamini kilichomfikisha pale ni sikio: alijua lini aongee na lini anyamaze.

Lakini ukiwa unaandikia wengine, sikio peke yake halitoshi. Kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha haukuandikwa kwa lugha ya mama mboga. Ulitaka kuondoa mkate wa kawaida kwenye orodha ya bidhaa zinazotozwa VAT ya asilimia sufuri. Hapo lazima mtu akae chini, asome, aelewe kwamba ukitoka kwenye orodha hiyo unaangukia asilimia 16, kisha aseme kwa sekunde chache: mkate utapanda bei. Vijana walifanya hivyo TikTok, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za kwao. Aliyekosea alisahihishwa papo hapo na watu wasiomjua. Huo ulikuwa mtihani mgumu kuliko wowote niliowahi kukalia, na hakuna aliyeulizwa cheti mlangoni.

Sisemi shule ni bure. Aliyesomea sheria aliupenya mswada ule haraka kuliko mimi, na nilimshukuru. Ninachosema ni kwamba elimu yake niliiona kwenye kazi yake. Sikuhitaji kuiona kwenye fremu ukutani.

Nina kinyongo changu pia, afadhali nikiseme. Kampuni moja iliniita kwa mahojiano, ikanipa "jaribio": niandike posti za wiki mbili, bure. Nikaziandika. Simu haikulia tena. Baadaye nikazikuta kwenye ukurasa wao, neno kwa neno, hadi herufi moja niliyokosea kuchapa. Kwa hivyo maneno yangu yalifaa. Ni mimi ambaye sikufaa, kwa sababu CV yangu inaishia mwaka wa pili wa kampasi.

Hapo ndipo orodha ya sifa inafanya kazi yake ya kweli. Haimtafuti anayejua, maana huyo ashapatikana na kazi yake ishatumika. Inatafuta sababu ya kutomlipa.

Kama mimi ndiye ningeandika tangazo, lingekuwa fupi. Njoo na posti tatu ulizoandika, pamoja na moja uliyoifuta na sababu ya kuifuta. Tutakupa ukurasa mmoja mgumu, labda masharti ya mkopo, umweleze mtu wa boda asiyekuwa na saa ya kupoteza. Tutakuonyesha mteja amekasirika kwenye komenti, na kosa ni letu, mjibu. Una dakika arobaini.

Na hizo dakika arobaini tutazilipa, upate kazi au usipate.