Mbwa Katika Sanaa na Mapambo: Anamtazama Nani?

Tunapofundisha masuala ya utamaduni katika semina za makada, mazungumzo huelekea upesi kwenye ngoma, mavazi na lugha, na mambo mengine yote huwekwa kando kwa jina la "pambo tu". Picha iliyobandikwa ukutani ni pambo tu. Sanamu ya kauri juu ya kabati la vyombo ni pambo tu. Kibao cha bati kwenye geti ni tangazo tu. Msimamo wetu katika makala haya ni kwamba hakuna kitu kilichotengenezwa na mikono ya binadamu ambacho ni pambo tu. Kila kitu cha namna hiyo kimezaliwa katika mahusiano fulani ya uzalishaji mali, na kinaendelea kuyasemea mahusiano hayo hata kama mwenye nyumba alikinunua kwa sababu kilimpendeza macho. Tumechagua mfano wa mbwa kwa makusudi, kwa kuwa mbwa ni mnyama ambaye watu wetu wanamdharau katika usemi, wanamtumia katika kazi na wanamtundika ukutani, yote kwa wakati mmoja. Swali tutakalomuuliza kila mbwa tutakayekutana naye ni moja: anamtazama nani?

Tuanze na mbwa wa santuri. Wazee waliokuwa na gramafoni wanamkumbuka: mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameinamisha kichwa upande, anatazama ndani ya pembe la shaba. Chini yake yameandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Sauti ya Bwana Wake". Mbwa huyo aliishi kweli. Aliitwa Nipper, akafa mwaka 1895. Mchoraji wa Kiingereza, Francis Barraud, alimchora mwaka 1898 akisikiliza mashine ya aina nyingine kabisa, ile ya kuchezesha mitungi ya nta. Mwaka 1899 Kampuni ya Gramophone ya London ikakubali kuinunua picha kwa sharti kwamba mashine ile ifutwe na mahali pake ichorwe mashine ya kampuni. Barraud akapaka rangi juu ya rangi. Alilipwa paundi 50 kwa picha na paundi 50 nyingine kwa haki ya kuitumia, jumla paundi 100, kwa alama ambayo baadaye ilizunguka dunia nzima. Tangu hapo mpaka alipofariki mwaka 1924 aliichora upya picha hiyo hiyo, nakala 24, kwa maagizo. Tunawaomba wanafunzi waitafakari hali hiyo. Msanii ameuza kazi yake, kazi imegeuka kuwa mali ya mtu mwingine, kisha msanii mwenyewe anaajiriwa kuinakili. Nadharia ya mfanyakazi kutengwa na zao la kazi yake, ambayo huwa tunaihangaikia kwa saa mbili ubaoni, hapa imo ndani ya fremu moja.

Katika pwani yetu jambo hili lina ukali wake wa pekee. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi taarab kwa kampuni hiyo, na santuri zilirudi Zanzibar na kuenea hadi bara zikiwa na mbwa katikati. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Wahenga walikwisha kuonya kwamba ukizoea mbwa utaingia naye msikitini. Hata hivyo mbwa huyu aliingia sebuleni bila kutawadhishwa mtu, kwa sababu aliingia akiwa bidhaa.

Mchambuzi mwenye haraka atasema: mbwa ni mtawaliwa, pembe ni mkoloni, basi tumekwisha. Uchambuzi wa aina hiyo ni rahisi mno, nasi hatuukubali. Sauti iliyotoka katika pembe lile haikuwa ya bwana yeyote. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Fumba, wa ukoo uliotoka utumwani, aliyekuwa akitembeza vyungu mjini kabla ya kuwa mwimbaji. Wimbo wake juu ya Kijiti, mtu aliyeua mwanamke akatorokea bara huku mashahidi wakitiwa hatiani, uliisema mahakama ya mabwana hadharani, wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo karatasi ya santuri ilisema jambo moja, na mifereji ya santuri ikasema jambo lililo kinyume chake. Ukinzani huo ndio unaostahili kufundishwa. Kampuni ilimiliki alama, mitambo na soko; haikuweza kumiliki maana yote iliyopita katika mitambo hiyo.

Mbwa wa pili ni wa kauri. Katika karne ya 19 wafinyanzi wa Staffordshire, Uingereza, walitengeneza kwa wingi mbwa wa kauri wenye manyoya marefu na masikio ya kuning'inia, wakauzwa wawili wawili, wa kushoto na wa kulia, wakae pande mbili za rafu iliyo juu ya meko. Aina hiyo ya mbwa ilikuwa ya majumba ya kifalme na ya mabwanyenye. Waliowanunua wa kauri walikuwa zaidi watu wa kipato cha chini, na katika viwanda vya ufinyanzi vya wakati huo walifanya kazi hata watoto wadogo. Vingi vya vinyago hivyo havikupambwa kwa nyuma, maana mgongo ungeegemea ukuta na rangi ni fedha. Leo vinauzwa ghali kama vitu vya kale. Mfanyakazi alinunua, kwa ujira wake mdogo, mfano wa mbwa wa yule anayemnyonya, akamweka mahali pa heshima nyumbani. Mbwa huyo hamtazami mtu yeyote. Ameacha kuwinda na ameacha kulinda. Kazi yake ni kuonyesha kwamba nyumba hii nayo ina nafasi ya mbwa asiyefanya kazi. Wajukuu wake wa plasta na plastiki wamo katika makabati yetu, juu ya vitambaa vya kufuma, na hatuna ugomvi nao mkubwa.

Ugomvi wetu uko getini. Ukipita katika mitaa ya nyumba kubwa za miji yetu utakuta bati limechorwa kichwa cha mbwa, meno nje, ulimi mwekundu, na maneno "Mbwa Mkali". Hii ni sanaa, tena ni miongoni mwa sanaa chache zinazompatia fundi wa mabango mkate wake. Asili ya fikra hiyo ni ya mbali. Katika Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, kuna sakafu ya mlangoni iliyopambwa kwa vijiwe vya rangi, mbwa mweusi akiwa kwenye mnyororo na maneno ya kumtahadharisha mgeni. Maandiko ya Warumi wenyewe yanaeleza kwamba bawabu wa nyumba kama ile alikuwa mtumwa, na mara nyingine naye alifungwa mnyororo pale pale mlangoni. Mbwa alichorwa, bawabu hakuchorwa.

Hapa Afrika Mashariki lugha nayo inatoa ushahidi. Kwenye mageti mengi ya Kenya hukuti "mbwa mkali" bali "mbwa kali". Hicho ni Kiswahili cha walowezi, Kisetla, lugha ya kutoa amri isiyojali upatanisho wa sarufi kwa kuwa msemaji hakutarajia kujibiwa. Mlowezi aliondoka, sarufi yake ikabaki imening'inia getini kwa Mwafrika. Sisi Watanzania tumesahihisha kiambishi tukaona kazi imekwisha, wakati macho ya mbwa yanaelekea pale pale: kwa mpita njia, kwa mtembeza mboga, kwa mtu aliyekuja kwa miguu. Mwenye gari hafikishi macho kwenye bati, anapiga honi na geti linafunguliwa na mlinzi. Tena mageti mengi yenye picha hayana mbwa ndani. Mbwa anataka kula kila siku, rangi inatosha kwa miaka.

(Hapa tuseme neno juu ya usemi wetu wenyewe. Maandiko ya mapinduzi ya China yaliwaita vibaraka wa mabeberu "mbwa wakimbiao", nasi katika Kiswahili cha mikutano ya hadhara tuliupokea usemi huo kwa furaha. Tunashauri makada waupumzishe. Mkulima ambaye mbwa wake amekesha akilinda mahindi haoni tusi hapo, na tusi lisiloeleweka halijengi mwamko.)

Mambo haya tuliyajadili katika semina huko Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, na wanasemina walitubana. Ikola hatukuona kibao cha mbwa wala sanamu ya mbwa hata moja, ingawa mbwa wenyewe wapo: wanafuata wenye mashamba, wanafukuza ngedere na nguruwe mwitu, wanazungukazunguka penye dagaa waliotandazwa juani. Anayefanya kazi namna hiyo hamtazami bwana wala mpita njia, anatazama kichakani. Ndugu mmoja akauliza kama maana yake ni kwamba watu wa ziwa hawana sanaa ya kuchonga. Jibu la swali hilo liko jirani kabisa, Karema. Mwaka 1879 Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili walijenga kituo hapo. Mkuu wake tangu 1882, Emile Storms, alivuka ziwa akaanzisha kituo cha Mpala, na Desemba 1884 watu wake walimuua mtemi Lusinga, ambaye naye alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Kichwa chake na sanamu ya kuchongwa iliyokuwa yake vilichukuliwa hadi Ubelgiji. Sanamu hiyo imo katika makumbusho ya Tervuren. Kijana wa Ikola anayetaka kuona ustadi wa mafundi wa ng'ambo ya ziwa lake anahitaji viza.

Mbwa wa kuchongwa tunaotaka wanafunzi wamjue anatoka mbali zaidi upande wa magharibi, kwa Wakongo wa karibu na Bahari ya Atlantiki. Anaitwa Kozo. Ana vichwa viwili, kimoja kila upande, na mwili wake umejaa misumari na vipande vya chuma. Mmojawapo yumo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Kwa Wakongo, mbwa aliyeandamana na mwindaji, akiwa amevalishwa kengele ya mti kwa sababu mbwa wa huko habweki sana, alijua njia za kijijini na za porini, na wakasadiki kwamba alijua pia mpaka wa walio hai na waliokufa. Msumari uligongwa watu walipoapa au walipopeleka shauri lao. Hatuilindi imani hiyo ya uganga. Tunachokitambua ni kwamba msanii aliyeishi na mbwa wa kazi alimpa macho ya pande mbili, na kwamba waliofika mbele ya sanamu ile walifika na malalamiko yao na wakayaacha yakiwa yamepigiliwa, yanaonekana na wote.

Hoja nzito zaidi ilitoka kwa mvuvi. Alisema nyavu na injini za mitumbwi zinaibwa usiku, na kwamba sisi wakufunzi tunaotoka mjini tunasema vibaya juu ya ulinzi kwa kuwa hatujaamka asubuhi tukakuta mali imekwenda. Hoja hiyo ni ya haki. Nyavu za mvuvi ni nyenzo zake za kazi, amezinunua kwa jasho lake, naye ana haki ya kuwa na mbwa mkali kama apendavyo. Lakini yeye mwenyewe alikubali kwamba hajawahi kufikiri kumchora. Mbwa wake anajulikana kwa jina kijiji kizima, na kijiji kizima kinajulikana kwa mbwa. Picha inahitajika pale ambapo aliye nje hajui kilichomo ndani.

Basi mchukue mtu huyo huyo wa Ikola, amepanda basi kwenda Mpanda mjini na barua yake mfukoni, ameelekezwa nyumbani kwa kiongozi kwa sababu ofisini hakumkuta. Anafika getini, anaona meno yaliyochorwa. Kengele hajui iko wapi, na kama mbwa yupo au hayupo hana njia ya kujua. Anasimama kidogo, kisha anarudi stendi. Bati limefanya uamuzi ambao hakuna kikao kilichoupitisha.

Kwa wakufunzi wenzetu tunapendekeza zoezi la mchana mmoja. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, wapite mtaa kwa mtaa katika mji wao, waandike kwenye daftari kila kibao cha mbwa wanachokikuta: maneno yake, nani alikichora na kwa malipo gani, mbwa yupo au hayupo, na mwenye nyumba anafanya kazi gani. Daftari zisomwe darasani bila kutaja majina.