Bambo, Gunia na Cheti: Ukaguzi wa Mahindi Mpakani

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha barua ya kuzuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Vipimo, ilisema, vilionyesha sumukuvu iliyopita kiwango salama. Malori ya mahindi yakakwama Busia na Malaba. Siku tano baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji ajisajili, ataje maghala yake, na kila shehena iwe na cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Lakini mahindi yaliyowaua yalikuwa hasa ya mashambani mwao wenyewe, yaliyohifadhiwa mabichi.

Sehemu 10 kwa bilioni ni mikrogramu 10 katika kilo nzima. Tena sumu haisambai sawasawa: punje chache zilizooza zaweza kuchafua gunia, na gunia la jirani likawa safi kabisa. Mkaguzi akichoma bambo kwenye magunia ya juu tu, yaliyo karibu na mkono, amepima bahati. Inabidi achote juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, achanganye, asage sampuli yote, ndipo apime. Kazi hiyo inataka muda, na dereva aliye kwenye foleni anauhesabu muda huo kwa pesa.

Mchuuzi mwenye magunia mawili hesabu yake ni ngumu zaidi. Utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 unampunguzia makaratasi ya asili ya mzigo, ila haumlipii maabara. Akishindwa na gharama, njia za panya zipo, na mahindi yanafika sokoni bila kupimwa na yeyote.

Ndiyo maana sharti la maghala, lililozungumziwa kidogo kuliko cheti, lilikuwa na uzito kuliko yote. Kuvu huanzia shambani na kushamiri pale mahindi yanapoanikwa kwenye udongo mtupu au kufungwa yakiwa na unyevu uliozidi asilimia 13.5. Ghala likijulikana liliko, mkaguzi anaweza kufika na kipima unyevu kabla gunia halijashonwa, mahindi yakiwa bado yanaweza kurudishwa juani.