Kitabu Kilichojitembeza

Wazee wetu walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msomaji, methali hii umeifahamu tangu utotoni, na pengine hujapata kuitilia shaka. Lakini ichukue leo, uipeleke katika soko la vitabu la intaneti, uone kama itasimama. Katika soko lile mna vitabu mamilioni, wala havikupangwa rafuni mpita njia akaviona. Kitabu kisichotembezwa hakionekani, na kisichoonekana hakinunuliwi, kiwe kizuri au kibaya. Basi mtungaji afanyeje? Kipo kitabu kimoja cha Kimarekani kilichodai kulijibu swali hili. Nimekisoma, na hukumu yangu juu yake naileta mbele yako uipime.

Zamani mtungaji aghalabu hakuwa mwuzaji. Alipeleka mswada wake kwa mchapishaji, akangoja. Katika Afrika ya Mashariki, East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948, ilikuwa mlango mmojawapo wa namna hiyo: mswada ulisomwa, kisha ulikubaliwa au ulirudishwa kwa mwenyewe. Mlango huo ulikuwa mwembamba, na yamkini wengi waliostahili kuingia waliachwa nje. Mwaka 2007 kampuni ya Amazon ya Marekani ilitoa chombo cha kusomea kiitwacho Kindle, ikafungua pamoja nacho njia ya mtungaji kujichapishia kitabu bila ya kumwomba mtu ruhusa. Ilikuwa neema kubwa. Walakini aliyepokea neema hiyo alipokea na mzigo wake. Ilimpasa awe mhariri, mpanga bei, mtangazaji na mweka hesabu wa kazi yake mwenyewe.

Mmoja wa walioubeba mzigo huo ni John Locke wa mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky. Usimchanganye na mwanafalsafa wa Kiingereza mwenye jina kama lake. Huyu alikuwa mfanya biashara aliyegeuka kuwa mtungaji wa hadithi za kusisimua. Mwaka 2011 alikuwa mtungaji wa kwanza wa kujichapishia aliyeuza vitabu zaidi ya milioni moja katika duka la Kindle. Mwaka ule ule akatoa kitabu cha kuwafundisha wenzake siri ya ushindi wake, kwa jina la How I Sold 1 Million eBooks in 5 Months!

Haki na itendeke kwanza. Kitabu hiki kina mafunzo mema. Locke afundisha kuwa mtungaji asiandike kwa ajili ya watu wote, bali amjue msomaji wake, ajue anachokipenda na kinachomchosha. Afundisha pia kuwa msomaji akikuandikia barua, umjibu mwenyewe kwa adabu. Maneno haya yangemfaa hata fundi wa viatu.

Juu ya bei, hoja yake ni ya werevu. Yeye aliuza kitabu kwa senti 99 za Marekani, na watungaji mashuhuri waliuza kwa dola zipatazo 10. Kwa hiyo, asema, si juu yake kuthibitisha kuwa ni sawa nao, bali ni juu yao kuthibitisha kuwa wamemzidi mara kumi. Hoja hii yapendeza masikioni, lakini hebu tuipige hesabu. Kwa kanuni za duka lile za wakati ule, kitabu cha senti 99 kilimpa mtungaji asilimia 35 tu, yaani kama senti 35. Kitabu cha dola 2.99 kilimpa asilimia 70, yaani dola 2 na zaidi kidogo. Basi mwenye bei ya chini alihitaji wanunuzi karibu sita ili apate alichopata mwenzake kwa mnunuzi mmoja. Anayeuza vitabu milioni aweza kuvumilia hesabu hiyo. Anayeuza vitabu 200 atabaki na dola 70 za kazi ya mwaka mzima. Kitabu hakimwonyi vya kutosha huyu wa pili, naye ndiye aliye wengi.

Lakini kasoro kubwa ya kitabu hiki haimo katika yaliyoandikwa. Imo katika yaliyonyamaziwa. Mwezi wa Agosti mwaka 2012 gazeti la New York Times lilieleza biashara ya mtu mmoja aliyeuza maoni ya wasomaji, yale maneno ya sifa yawekwayo chini ya kitabu pamoja na nyota. Locke alikuwa mteja wake. Alianza na maoni 50 kwa dola zipatazo 1,000, na mwisho yakafika kama 300. Tena aliagiza kuwa waandika maoni wanunue kitabu dukani kwanza, ili waonekane kuwa wanunuzi wa kweli. Habari hizi hazimo katika kitabu chake cha mafunzo.

Yeye hakukana. Alijitetea kuwa waandika maoni walikuwa huru kusema wasipokipenda kitabu, na kwamba maoni yalikuwa sehemu ndogo tu ya mafanikio yake. Huenda ni kweli. Lakini kama ilikuwa sehemu ndogo, kwa nini isitajwe? Mwalimu aliyeahidi kufunua siri zote, kisha akaificha ile ya aibu, amewapoteza wanafunzi wake mara mbili. Amewaficha gharama iliyolipwa, na amewafanya waamini kuwa juhudi na adabu peke yake ndizo zilizomfikisha.

Wazee walituonya kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tunajua kuwa mwenye kitabu atakisifu, na hatumlaumu. Ndiyo sababu tunatafuta neno la mtu mwingine asiye na faida ndani yake. Neno hilo likinunuliwa, msomaji hana pa kushika. Akidanganywa mara moja na nyota tano, hatawaamini watungaji watakaofuata, na atakayeumia ni yule mnyofu mwenye maoni 4 ya kweli. Duka lenyewe lilitambua hatari hiyo, na mwaka 2015 Amazon ilianza kuwashtaki mahakamani wauzaji wa maoni ya uongo.

Mambo haya si ya Marekani tu. Hapa Kenya, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtungaji aweza kulipwa na msomaji wa Lodwar au Lamu ambaye hawajapata kuonana. Wewe unayesoma ukurasa huu huenda ukawa mtungaji kabla ya kuwa na mvi, au rafiki yako akakutangulia. Siku moja atakujia na kusema, "Ndugu yangu, nipe nyota tano, kitabu utakisoma baadaye." Utamjibu nini? Kumkatalia ni vigumu, maana urafiki ni kitu cha thamani. Walakini kinunue, ukisome, kisha useme ulichokiona, na jina lako ulitie. Maneno yako machache ya haki yatamfaa kuliko sifa mia za kukodi, kwa kuwa yeye mwenyewe atajua ni wapi aliposhinda na wapi alipojikwaa.

Basi je, methali yetu imekufa? La, nadhani yataka kufahamiwa upya. Siku hizi hata kizuri hakina budi kutembezwa, na mtungaji asione haya kukitembeza kitabu chake mchana kweupe. Akiwaleta watu mpaka mlangoni, kazi yake ya mwuzaji imekwisha. Hapo anyamaze, akiache kitabu kiseme chenyewe, na shahidi awe msomaji.