Karani Aliyeandika Maisha Yake

Kitabu tunachotaka kukisema leo ni cha Shaaban Robert, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Wengine humjua kwa hadithi zake, kama Kusadikika na Adili na Nduguze. Humu hasimulii nchi ya kubuni, bali anajieleza mwenyewe: masomo, ndoa, kazi na uandishi.

Alizaliwa upande wa Tanga mwaka 1909, akafa 1962. Hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa karani wa serikali ya Tanganyika, forodhani toka 1926 hata 1944, baadaye katika ofisi nyingine. Jambo hilo latupendeza sana, maana huku Kashebere wengi hudhani kwamba maisha yastahiliyo kuandikwa ni ya mwami au ya askofu.

Nathari imechanganyika na tenzi. Amina mkewe alifariki akiwa kijana, naye akamlilia kwa shairi. Watoto aliwatungia mausia: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa mwana. Hapo ndipo kalamu yake iko hai kabisa, kwa kuwa baba asema na mtoto wake, wala hasemi na umati.

Lakini tuseme kweli, mahali pengine hutuchosha. Aanza jambo lililompata, mara aliacha na kutoa mafundisho juu ya wema na subira, nasi tungali twataka kujua nani alikuwako, na mshahara ulitosha nini. Watu wa pwani huenda wakatujibu kwamba ndiyo adabu, mtu asijisifu. Haya, lakini kueleza siku moja ya ofisini si kujisifu.

Kiswahili chake ni kigumu kidogo kwetu tuliozoea kile cha sokoni, tena tuliosoma shuleni kwa Kifaransa. Nyumbani twasema Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda. Yeye naye ukoo wake ulikuwa wa Kiyao, na Kiswahili ndicho alichokichagua awekee mambo ya moyo wake.

Tangu vita vya 1993 barabara yetu ya Masisi na Walikale imeona mengi, na wazee walioyaona wanakwisha. Hatujapata kusoma hata daftari moja la karani, mwalimu au mkulima wa hapa. Tungelipata moja, hata la Kiswahili cha sokoni, tungelifungua kabla ya kukirudia kitabu hiki.